Sungura Akisusa Majani

Ukimpelekea sungura majani ya jioni ukakuta yale ya asubuhi bado yamelala pale pale, usiseme utaangalia kesho. Ng'ombe akisusa malisho siku moja, unaweza kumwita daktari siku ya pili na usiwe umechelewa. Mbwa anaweza kushinda na njaa siku mbili, ya tatu akaamka akidai mfupa. Sungura hana nafasi hiyo. Akipitisha saa kumi na mbili bila kutia kitu kinywani, tumbo lake limeanza kusimama, na tumbo la sungura likisimama huua.

Ninafanya kazi ya afya ya mifugo Nyeri mjini na viunga vyake, kutoka Ruring'u na Skuta hadi Kiganjo, na siku nyingine nafika Othaya, Mukurweini na Karatina. Nilisomea chuo cha AHITI Ndomba, kule Kirinyaga. Watu huniita daktari. Kwa cheo mimi ni msaidizi wa daktari wa mifugo, na kazi yangu kubwa ni ng'ombe wa maziwa: viwele vilivyofura, ndama wanaohara, ng'ombe wa kupandishwa kabla joto halijampita. Zamani ilikuwa nadra kuitiwa sungura. Siku hizi naitiwa. Ploti za mjini hazitoshi ng'ombe, lakini kibanda cha sungura kinakaa hata nyuma ya jiko. Mtoto amefundishwa shuleni habari za wanyama wadogo wa nyumbani, akaandamana na mama yake sokoni Karatina, na jioni sungura yuko nyumbani ndani ya katoni, ameshapewa jina. Akishapewa jina, huyo si wa kitoweo tena.

Simu zenyewe huanza kwa kuomba radhi. "Daktari, samahani kukusumbua, najua ni sungura tu." Halafu nikiuliza ameacha kula lini, najibiwa juzi. Siku mbili zimepita nyumbani watu wakibishana kama inafaa kulipa nauli ya daktari kwa mnyama ambaye bei yake haifiki nauli hiyo. Ninaelewa hesabu hiyo. Kuna nyumba ambazo shilingi mia tano ni karo au ni unga. Lakini mjadala huo umeua sungura wengi kuliko ugonjwa wowote ninaoujua, na kinachoniuma ni kwamba yale yanayohitajika usiku wa kwanza karibu yote yanapatikana nyumbani bila kulipa mtu.

Kwanza ujue unashughulika na nani. Sungura wetu wa kufugwa, awe mweupe wa New Zealand, awe California mwenye pua na masikio meusi, ukoo wake wote unatokana na sungura wa porini wa Hispania na Ureno, mnyama wa kuchimba mashimo, anayewindwa na mwewe kutoka juu na mbweha kutoka chini. Kwa mnyama wa aina hiyo, anayeonekana mnyonge ndiye huliwa wa kwanza. Kwa hiyo hujikaza. Hatalia, hatachechemea mbele yako kama anaweza kujizuia, na ukimkaribia atainua masikio ajifanye mzima. Ukimwona amelala ubavu na hashtuki unapofungua mlango wa kibanda, ujue ameficha mpaka nguvu za kuficha zimemwishia.

Halafu kuna tumbo lake. Sungura hawezi kutapika. Kilichoingia hakina njia nyingine ila kupita chote hadi upande wa pili, na kinachokisukuma ni nyuzi za nyasi. Ndani ana mfuko mkubwa wa utumbo, mkubwa kuliko tumbo la chakula lenyewe, ambamo bakteria huchachusha majani. Kutoka huko hupata choo cha pili, laini, kinachong'aa, chenye harufu kali, ambacho hukila moja kwa moja kinapotoka, hasa usiku na alfajiri. Watoto wakimkuta ameinama akikila huniambia ana tabia chafu. Ndiyo afya yake hiyo. Humo mna vitamini na protini ambazo hakuzipata safari ya kwanza.

Mtambo huo haujui kupumzika. Nyuzi zikipungua, au maji yakikosekana, au maumivu yoyote yakimfanya asite kula, utumbo hupunguza mwendo. Chakula kilichokwama hukauka, gesi hujaa, gesi huleta maumivu, na maumivu humfanya asile zaidi. Ndiyo maana chanzo kinaweza kuwa kitu kidogo tu: mbwa wa jirani aliyebweka chini ya kibanda usiku kucha, safari ya matatu kutoka Karatina ndani ya katoni isiyo na hewa, kopo la maji lililopinduka asubuhi na hakuna aliyeona, au gunia la mabaki ya kabeji kutoka kwa mama mboga alilopewa lote kwa mkupuo.

Kwa hiyo mimi humwambia kila mwenye sungura jambo moja kabla ya mengine yote: usifagie chini ya kibanda kabla hujatazama. Choo cha sungura mzima ni punje za mviringo, ukubwa wa njegere, zinazolingana, rangi ya kahawia. Vunja moja kwa vidole. Ndani utakuta nyuzi kavu zenye harufu ya nyasi, hakuna la kuchukiza. Sungura mkubwa hutoa zaidi ya punje mia moja kwa siku. Huhitaji kuzihesabu. Baada ya wiki moja ya kutazama, jicho litazoea lundo la kawaida la huyo wako, na siku litakapopungua nusu utajua kabla mnyama mwenyewe hajaonyesha lolote.

Punje zikiwa ndogo na zisizolingana, nyeusi na ngumu, anakula kidogo mno au hanywi. Zikiwa zimeunganishwa kwa nywele kama tasbihi, anabadilisha manyoya na anameza mengi. Mwongezee nyasi kavu na umchane. Ukikuta mashada ya kile choo laini yameganda kwenye manyoya ya nyuma, huko si kuhara, ingawa wengi hukimbilia dawa ya kuhara. Mara nyingi ni kwamba anapewa chakula cha dukani kupita kiasi na nyasi kidogo, au amenenepa, au ana maumivu ya mgongo, hawezi kuinama akakila. Lakini choo cha majimaji, hasa kwa mtoto wa sungura aliyeachishwa kunyonya juzi, hicho ni cha kukimbilia daktari siku hiyo hiyo. Na kama chini ya kibanda hakuna kitu kabisa tangu jana, hata usimalize kusoma, mguse tumbo.

Uso nao husema, ukijua pa kutazama. Mwaka 2012 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walitoa kipimo cha maumivu ya sungura kinachotumia sura yake: macho kufumba nusu, mashavu kunywea, pua kubadilika umbo ikachongoka, sharubu kukakamaa, masikio kujikunja na kulazwa nyuma. Nimekijaribu kipimo hicho kwenye vibanda vya huku kwetu na nakiamini. Ongeza hapo mkao: sungura mwenye tumbo linalouma hukaa amejikunyata kwenye pembe, miguu yote chini ya mwili, au hulala akijikandamiza tumbo sakafuni kisha akahama, kisha akahama tena. Ukiweka sikio karibu unaweza kusikia anasaga meno kwa nguvu. Kuna kusaga kwingine kwa taratibu anapokunwa paji la uso, huko ni raha. Utatofautisha, mwenye maumivu amejikunyata.

Sasa tuseme ni saa mbili usiku, daktari yuko Othaya kwa ng'ombe anayezaa, na mvua inanyesha. Sungura hajala tangu asubuhi.

Mtoe kibandani umlete ndani. Usimwinue kwa masikio, tafadhali. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine ushike makalio, umkumbatie kifuani. Akirusha teke la nyuma akiwa ananing'inia, anaweza kuvunja uti wa mgongo wake mwenyewe, na hapo hakuna la kufanya. Mguse masikio. Yakiwa baridi kuliko kawaida, joto la mwili linashuka. Mwenye kipimajoto akitie mafuta kidogo, akiingize taratibu njia ya haja: sungura mzima ana nyuzi 38.5 hadi 40 hivi. Chini ya 38 ni hatari kubwa kuliko homa. Jaza maji ya moto kwenye chupa ya soda, ifunge kwa taulo, uiweke ubavuni mwake, na uache nafasi ya kuikwepa akisikia joto limezidi.

Kisha papasa tumbo kwa vidole, taratibu. La kawaida ni laini, linabonyea. Likiwa laini kama kawaida yake, unaweza kuanza kumlisha. Likiwa limevimba, limekaza, halibonyei, na mnyama amelegea, usimtilie chochote mdomoni. Njia inaweza kuwa imeziba, na kila unachoongeza ni shinikizo. Huyo hapaswi kulala nyumbani. Mtafute daktari yeyote aliye karibu hata kama ni usiku.

Wa tumbo laini mpe kwanza nafasi ya kula mwenyewe. Ondoa kabeji na chakula cha dukani, mwekee nyasi mbichi, nyasi kavu, na kishada cha dania, maana wengi hushindwa kuikataa dania. Akikataa hata hiyo, loweka chakula chake cha punje kwenye maji ya uvuguvugu mpaka kiwe uji mwepesi, uvute kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Duka lolote la dawa linaliuza. Mfunge kwa taulo, uso tu ubaki nje, akiwa ameketi kama anavyoketi, asilazwe chali. Ingiza bomba kwa pembeni, penye pengo nyuma ya meno ya mbele, umsukumie mililita moja, ungoje atafune na ameze, ndipo nyingine. Mililita kumi kwa kila kilo ya uzito wake, kila baada ya saa tatu au nne, humfikisha asubuhi. Mpe maji kwa bakuli, si chupa peke yake, kwa kuwa mgonjwa hunywa vizuri zaidi kwenye bakuli. Baina ya kulisha, mwache atembee sakafuni; mwendo husaidia utumbo.

Usimpe maziwa, wala uji wa wimbi wenye sukari. Wengine humnywesha mafuta ya kupikia kama anavyofanyiwa ng'ombe aliyefura, na kwa sungura mafuta hayo huingia mapafuni upesi. Na yote haya ni ya kuvusha usiku. Asubuhi bado anahitaji mtu wa kumpa dawa ya maumivu kwa sindano, kumwongezea maji chini ya ngozi, na kutafuta sababu, kwa kuwa kususa chakula ni dalili, na nyuma yake kuna kitu.

Mara nyingi kitu hicho ni meno. Sungura ana meno 28 na yote hukua maisha yake yote. Ya mbele huongezeka kama milimita mbili kwa wiki. Kinachoyapunguza ni kusagana yanapotafuna nyasi. Anayelishwa mboga laini na punje za dukani hana cha kuyasaga, na magego hutoa ncha kali zinazokata ulimi na shavu. Utamwona anakimbilia chakula kwa hamu, anakitia mdomoni, halafu anakiangusha. Kidevu kimelowa mate na manyoya yake yameshikamana. Kuna wanaokata meno ya mbele kwa koleo au kikata kucha. Jino hupasuka hadi kwenye mzizi, jipu likaota kwenye taya. Mpeleke yakasawazishwe kwa kifaa chake. Kisha badilisha lishe: sehemu kubwa ya chakula cha kila siku iwe nyasi. Boma Rhodes kavu inapatikana Nyeri na Nanyuki kote, na kama jirani yako ana ng'ombe wa maziwa, robo ya robota lake moja itamtosha sungura mmoja muda mrefu. Nusa kwanza, yenye harufu ya ukungu usimpe, hata ng'ombe usimwachie. Majani ya viazi vitamu, kishona nguo, mukengeria na majani ya mforosadi ni mazuri. Majani ya mparachichi, ambayo katika mashamba yetu yameanguka kila mahali, ni sumu kwake, na majani ya viazi mbatata na nyanya vilevile.

Kuanzia Juni hadi Agosti, wakati wa gathano, ukungu ukishuka Nyeri na jua lisionekane mpaka saa nane, simu hugeuka kuwa za mafua. Sababu yake watu huielewa kinyume. Wanaona baridi, wanafunika kibanda kwa nailoni na magunia pande zote, wanafunga na mwanya wa mwisho kwa upendo. Baridi kavu sungura anaistahimili vizuri sana, amevaa manyoya. Kinachomharibu ni unyevu na hewa ya mkojo. Ingiza kichwa chako ndani ya kibanda kilichofunikwa hivyo asubuhi: macho yakikuwasha, fikiria mnyama ambaye pua yake iko hapo usiku mzima. Hewa hiyo hubabua njia ya pumzi, na bakteria wa Pasteurella, ambao sungura wengi wamewabeba puani bila kuugua, hupata mlango. Ziba upande wa upepo na wa mvua tu, juu pawe na paa lisilovuja, upande wa jua uache wavu wazi, na uweke nyasi kavu nyingi za kulalia.

Kwa mafua, usitazame pua. Tazama viganja vya mbele. Sungura hujifuta pua kwa mikono yake kisha hujilamba, kwa hiyo pua unaweza kuikuta safi kabisa. Geuza mkono wa mbele uangalie upande wa ndani, juu kidogo ya kucha: manyoya ya mzima yamechanuka vizuri na ni safi, ya mwenye mafua yameshikana, yamekakamaa, yana rangi ya njano chafu ya kamasi zilizokauka. Hapo hata asipopiga chafya mbele yako, umemjua. Na kwa kuwa sungura hupumua kwa pua, ukimkuta amefungua mdomo akihema kichwa kimeinuliwa, hali ni mbaya, usimlazimishe kitu kinywani, mfikishe kwa daktari.

Nikishuka Kagio au pande za Mwea shida ni nyingine, joto chini ya mabati. Sungura hatoki jasho. Mloweshe masikio kwa maji ya kawaida, mhamishie kivulini, usimtumbukize kwenye ndoo.

Lakini ugonjwa ninaoukuta zaidi kuliko wote ni upele wa masikio. Huletwa na utitiri usioonekana vizuri kwa macho. Mnyama hutikisa kichwa, hujikuna kwa mguu wa nyuma mpaka nyuma ya sikio panatoka damu, sikio moja huanguka. Ukifunua ndani utakuta ukoko wa kahawia, tabaka juu ya tabaka, mkavu, umejaa mpaka shimo la sikio halionekani. Kila mtu hutamani kuubandua. Usiubandue: chini yake ni nyama hai, na maumivu yake hayasemeki. Utitiri ukifa, ukoko hulegea na kuanguka wenyewe kwa siku chache, ngozi mpya ikiwa chini. Aina nyingine huanzia puani, midomoni na kwenye kucha, unga mweupe mweupe unaoganda. Hiyo huambukiza hata watu, kwa hiyo mtoto akianza kujikuna mikono, mwambie daktari wa mtoto kwamba kuna sungura nyumbani.

Dawa ya kienyeji iliyoenea kwetu ni oili chafu ya gari, na wengine mafuta ya taa. Hubabua ngozi, na sungura hujilamba yote akayameza. Wengine humwosha kwa dawa ya kupe ya ng'ombe, akapata sumu na baridi kwa pamoja. Hata dawa ya viroboto ya mbwa yenye fipronili ni hatari kwake. Dawa ipo, ivamektini, sindano chini ya ngozi, inarudiwa baada ya wiki mbili kwa sababu mayai ya utitiri haiyaui. Lakini ile chupa ya agroveti imetengenezewa ng'ombe. Kwa sungura wa kilo mbili dozi haifiki hata sehemu moja ya kumi ya mililita, na mkono uliozoea ndama hauwezi kuikadiria kwa macho. Mwache apimwe uzito kwanza. Watibiwe wote walio pamoja, matandiko yachomwe, mbao zipigwe maji ya moto na zianikwe juani. Na sungura mgeni kutoka sokoni akae kibanda chake peke yake wiki mbili au tatu, ahudumiwe wa mwisho.

Sasa niseme linalonikera. Katika kila nyumba kuna vidonge vilivyobaki. Mtoto alipewa amoksisilini ya kifua, alipopona nusu ya karatasi ikabaki kabatini. Sungura akipiga chafya, mzazi mwenye huruma anasaga kidonge, anamnywesha. Siku ya pili au ya tatu mnyama anahara majimaji, na kabla ya wiki kwisha amekufa, na familia inaamini mafua ndiyo yaliyomuua. Ni kidonge. Amoksisilini, ampisilini, penisilini ya kunywa, klindamisini na linkomisini huua bakteria wema wa ule mfuko wa utumbo niliousema. Waliobaki, jamii ya Klostridia, huongezeka bila mpinzani na kumwaga sumu. Dawa ile ile inayomponya mtoto wako kitandani inamuua sungura wako kibandani. Kuna dawa za bakteria anazozistahimili, na daktari anazijua. Muuza duka asiyeuliza ni mnyama gani na ana kilo ngapi, usinunue kwake.

Kwa watoto wa sungura, kuanzia kuachishwa kunyonya hadi miezi minne hivi, adui mkubwa ni koksidia. Tumbo hufura, uti wa mgongo huchomoza, manyoya husimama, choo huwa laini au chenye ute, na wengine hufa kabla hata hawajahara. Wanaochinja huona madoadoa meupe kwenye ini. Ni koksidia aina ya ini. Kijidudu hiki hutoka na choo kikiwa bado hakina uwezo wa kuambukiza, na huhitaji unyevu na siku moja au zaidi ili kukomaa. Ukiondoa choo kila siku na sakafu ikawa kavu, umekikata kabla hakijawa tayari. Ndiyo sababu ya sakafu ya wavu iliyoinuliwa, na ya kufunga majani juu yasikanyagwe. Ila mwekee kipande cha ubao wa kukalia, maana wavu mtupu hutoboa nyayo zikaota vidonda. Aliyeshaugua hutibiwa kwa dawa za salfa au amprolium kwenye maji, kwa kipimo cha daktari.

Akiamka na shingo imepinda, anazunguka na kuanguka upande mmoja, hajalogwa wala hajapigwa kiharusi. Mara nyingi ni sikio la ndani au kijidudu cha ubongo na figo, na wengi huishi wakitibiwa mapema. Mkojo mwekundu wa siku moja au mbili, mnyama akiwa anakula na kuruka, kwa kawaida ni rangi ya majani aliyokula.

Lakini wakifa wawili watatu kwa ghafla, waliokuwa wazima jana, na hasa ukiona damu puani, usiwatupe kwa mbwa na usiuze waliobaki. Kuna homa ya kutokwa damu ya sungura, ya virusi, iliyotambuliwa kwanza China mwaka 1984 na ambayo imezunguka dunia. Iliikumba Nigeria mwaka 2020. Toa taarifa kwa ofisi ya mifugo ya kaunti. Sisi wa huku tuna bahati ya kuwa na maabara ya uchunguzi wa magonjwa ya mifugo pale pale Karatina. Mzoga uwekwe kwenye mifuko miwili ya plastiki, upozwe bila kugandishwa, ufikishwe siku hiyo hiyo. Ukichelewa, utumbo huoza na hakuna cha kusoma. Kujua aliyekufa alikufa na nini ndiyo njia ya kuwaokoa waliobaki.

Unayemwita awe amesajiliwa. Tangu sheria ya mwaka 2011, madaktari wa mifugo na sisi wasaidizi wao tunasajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, na hakuna ubaya kumwomba mtu akuonyeshe cheti chake; mimi huonyesha kwa furaha. Ukimpeleka mgonjwa kwa bodaboda, mtie kwenye katoni yenye matundu, nyasi chini, uishike mapajani, isifungwe nyuma na kamba. Kama ana mwenzake aliyezoeana naye, waje pamoja, maana upweke nao humfanya asusie chakula.

Ukipiga simu, niambie hivi kwa mpangilio wowote: ana umri gani na uzito gani, alikula mara ya mwisho saa ngapi, choo cha jana usiku kilikuwaje, masikio ni ya moto au ya baridi, tumbo linabonyea au limekaza, na wiki hii amekula nini kipya. Piga picha ya choo na ya uso wake uzitume. Zinanisaidia kujua nibebe nini. Na kama ameshapewa dawa yoyote, ya binadamu, ya ng'ombe au ya kuku, nitajie jina lake na kiasi. Sitakugombeza. Nataka tu nijue nianzie wapi nikifika.